Tarehe 22 Juni Mkeka Uko Wapi?



Kila mwaka ifikapo tarehe 21 Juni tunaona picha za watu waliojazana viwanjani, mikono juu, migongo imenyooka, wakifanya yoga kwa pamoja. Siku hiyo ilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2014, baada ya India kuwasilisha pendekezo na nchi 177 kuliunga mkono, na mwaka uliofuata ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. Mabalozi wanahudhuria, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa. Ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Lakini mimi leo nataka tuzungumze juu ya tarehe 22 Juni, na tarehe 23, na ile Jumatatu ya mwezi Agosti ambayo hakuna mpiga picha wala mgeni rasmi, uko peke yako chumbani, umelala vibaya, na mwili hautaki. Kufanya yoga siku moja yeyote anaweza. Kazi iko katika kuirudia.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda. Anayeanza yoga haangushwi na ugumu wa mwili, wala umri, wala kukosa mkeka wa dukani. Anaangushwa na kuanza kwa kishindo. Anajipangia saa nzima kila siku, ananunua vifaa, anatazama video ya kijana aliyekunja miguu mpaka imepita nyuma ya shingo, naye anataka afike huko kabla ya mwezi kuisha. Siku ya tatu viungo vyote vinamuuma. Siku ya nne amepata mgeni. Siku ya tano ana aibu ya kukosa jana, na habari inaishia hapo. Ndiyo maana nasema: dakika kumi na tano zinazofanyika kila siku zina faida kubwa kuliko saa mbili za Jumamosi ambazo kila Jumamosi zinapata udhuru.

Hebu niwape habari za mtu mmoja ambaye wengi wanaofanya yoga leo, wajue wasijue, wanapita katika njia aliyoifyeka. Aliitwa B.K.S. Iyengar. Alizaliwa mwezi Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, wakati ule ugonjwa mkubwa wa mafua ulipokuwa ukiua watu kwa mamilioni duniani. Mama yake mwenyewe alijifungua akiwa anaumwa mafua hayo. Utoto wa Iyengar ulikuwa wa kuugua tu: malaria, homa ya matumbo, halafu kifua kikuu. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1934 alikwenda kuishi Mysore kwa dada yake, ambaye mumewe, Tirumalai Krishnamacharya, alikuwa mwalimu wa yoga chini ya ufadhili wa mfalme wa huko. Shemeji alitumaini mazoezi yangemsaidia kijana apate afya, lakini kama mwanafunzi wala hakumtarajia makubwa. Alikuwa mwembamba, dhaifu, amekakamaa. Akiinama mbele vidole vyake havikuweza kufika miguuni.

Mwaka 1937 akatumwa mji wa Pune kufundisha, kwa miezi sita tu. Alikuwa na miaka 18. Lugha ya pale hakuijua vizuri, na darasani walikuwamo wanafunzi waliomzidi umri, elimu, na hata wepesi wa viungo. Fikiria hali hiyo, msikilizaji: mwalimu anasimama mbele ya watu akijua kwamba baadhi yao wanajinyoosha kuliko yeye. Alichofanya ni kujifungia na kujizoeza peke yake, saa nyingi kila siku, akichunguza mguu ukae vipi ndipo goti lisiumie, bega ligeuke wapi ndipo kifua kifunguke. Miaka hiyo alikuwa fukara, na ziko siku alizopata chakula kwa shida. Ile miezi sita haikuisha. Aliishi Pune mpaka alipofariki mwezi Agosti 2014 akiwa na umri wa miaka 95, na hata uzeeni aliendelea na mazoezi.

Kwa kuwa mwili wake ulimsumbua hivyo, Iyengar aliwaonea huruma watu wenye miili migumu. Yeye ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda, mablanketi yaliyokunjwa na vipande vya mbao, ili mtu asiyeweza kuinama mpaka chini aletewe sakafu juu kidogo, na asiyefikia unyayo wake aufikie kwa mkanda. Kwa mtu anayeanza, hilo naliona kubwa kuliko umaarufu wake wote. Maana yake ni kwamba zoezi linapaswa kumfuata mtu alipo, badala ya mtu kujivunja ili afanane na picha.

Na kwa wale mnaosema hamna muda, kuna kisa cha mwaka 1952. Mpiga fidla mashuhuri Yehudi Menuhin alikuwa ziarani Bombay, amechoka, ratiba imemjaa. Alikubali kuonana na Iyengar kwa dakika tano. Iyengar akamlaza chali sakafuni, akamwelekeza namna ya kuulegeza mwili, na bwana mkubwa akapitiwa na usingizi kwa karibu saa nzima. Kuanzia hapo akawa mwanafunzi wake kwa miaka mingi. Hizo dakika tano alizozitoa kwa kusitasita ndizo zilizofungua mlango.

Sasa turudi kwetu. Mtaani ninapoishi yuko mama mmoja fundi cherehani. Kazi yake mnaijua: kuanzia asubuhi mpaka magharibi ameinamia mashine, mguu mmoja kwenye kanyagio, shingo mbele, mgongo umepinda. Msimu wa sare za shule anaweza kupitisha siku nzima asinyanyuke ila kwa sala na chakula. Mgongo wa chini ukamtesa mpaka akawa anashika ukuta ili ainuke. Alikwenda hospitali, akapimwa, na mtaalamu wa fiziotherapia akamwonyesha mazoezi ya kujinyoosha. Binti yake, ambaye alikuwa ameanza yoga chuoni, akamwongezea mengine na kumweleza habari ya kuvuta pumzi.

Nilimkuta siku moja kabla hajafungua duka. Alikuwa ameisukuma meza ya kukatia mpaka ukutani. Akafagia vipande vya vitambaa na nyuzi, halafu akachukua sumaku, ileile anayokusanyia pini, akaipitisha sakafuni polepole, mstari kwa mstari, mpaka akaridhika kwamba hakuna pini iliyobaki. Ndipo akatandika blanketi lililokunjwa mara mbili. Mkeka wa ukindu alishaujaribu, akaniambia, lakini kwenye sakafu ya saruji unateleza. Akalala chali, akatoa utepe mrefu wa kitambaa cha sare, masalio ya kazi, akauzungusha kwenye unyayo wa kulia, akashika ncha mbili na kuuinua mguu. Goti halikunyooka sawasawa. Hakulilazimisha. Alibaki hapo akivuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu, macho yakiangalia dari, kisha akabadilisha mguu.

Alipomaliza nikamwamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza anapata wapi nafasi na kazi zote zile. Akaniambia, "Mwanangu, nikisubiri nafasi sitaipata. Nafanya kabla sijafungua mlango. Nikishaufungua, mimi ni wa wateja."

Maneno hayo, kabla sijafungua mlango, ningependa kila anayeanza ayashike. Mama hakusema atafanya mazoezi asubuhi, maana asubuhi ni pana na ina mambo mengi. Ameyafunga mazoezi kwenye tendo ambalo halikosi kutokea. Wako watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, ambao waliwafuatilia watu 96 kwa siku 84. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi, akaliambatanisha na jambo jingine la kila siku, mathalani kunywa maji pamoja na chakula cha mchana, au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mtandaoni mwaka 2009, yalionyesha kwamba kati ya wale waliofanikiwa, mtu wa katikati alihitaji kama siku 66 ndipo jambo likaanza kujifanya lenyewe, bila kujisukuma. Mwenye kasi zaidi alihitaji siku 18. Wa polepole zaidi walimkadiria siku 254, yaani zaidi ya miezi minane. Mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu kuliko kunywa glasi ya maji, na hilo halishangazi.

Na kuna jambo jingine walilolikuta ambalo naliona ni rehema kwa sisi sote: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Aliyekosa leo na kurudi kesho aliendelea na safari yake karibu palepale. Kinachoua ni ile aibu inayotufanya tukose siku ya pili kwa sababu tumekosa ya kwanza. Mfungwa wa hesabu kamili ndiye anayeacha mapema.

Wahenga wa India walijua zamani sana kwamba kazi iko katika kurudia. Katika maandiko ya Patanjali, ambayo ndiyo nguzo ya yoga ya kale, mwanafunzi anaambiwa kwamba zoezi hukita mizizi likifanywa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo wa heshima. Hakuna sharti la kugusa vidole vya miguu.

Basi hizo dakika kumi na tano zijazwe na nini? Mimi si mwalimu wa yoga, na redio haimwoni anayekosea, kwa hiyo nitataja machache ambayo karibu kila darasa la wanaoanza linayo. Uwe hujala chakula kizito saa mbili au tatu kabla. Vua viatu na soksi. Simama kwanza, miguu imeshika chini sawasawa, uzito usielemee upande mmoja, na uvute pumzi kwa pua mara kadhaa mpaka itulie. Watu hudharau hatua hii kwa kuwa inaonekana kama kusimama tu. Jaribu uone ni mara ngapi umesimama siku nzima bila kujua uzito wako umeegemea wapi. Kisha piga magoti, mikono chini, uupandishe mgongo juu unapotoa pumzi na kuushusha unapovuta, polepole. Kwa mwenye kukaa kutwa, hapo ndipo mgongo unapoanza kuamka.

Halafu kuna lile pozi ambalo kila mtu ameliona kwenye picha: mikono na miguu chini, nyonga juu, mwili umekuwa kama paa la nyumba. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokata tamaa, kwa sababu visigino havigusi chini na misuli ya nyuma ya mapaja inapiga kelele. Wanalazimisha miguu inyooke, mgongo unapinda, mabega yanabeba mzigo wote, na baada ya pumzi mbili wameanguka. Fanya kinyume chake. Kunja magoti, tena bila aibu. Achana na visigino kabisa. Tandaza vidole vya mikono, bonyeza chini mpaka kwenye kitako cha kidole gumba na cha shahada, kisha sukuma nyonga juu na nyuma mpaka usikie mgongo unarefuka. Kichwa kining'inie tu. Mgongo ukishanyooka, magoti yatafunguka kwa wakati wake, huenda baada ya miezi. Ukiona pumzi imekuwa fupi na meno umeyauma, umeshapita mpaka wako, teremka.

Mwishoni ulale chali, mikono kando, bila kufanya lolote, dakika mbili au tatu. Msiiruke sehemu hii. Najua ndiyo ya kwanza kukatwa mtu akiwa na haraka, lakini huenda ndiyo sababu pekee itakayokufanya utake kurudi kesho.

Kuhusu faida, naomba tuwe wakweli, maana mitandaoni yanasemwa mengi. Kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini ushahidi upo. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kiliitaja yoga miongoni mwa njia zisizo za dawa ambazo mgonjwa wa mgongo sugu anaweza kuanza nazo. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti kutoka Boston uliohusisha wagonjwa 320, wengi wao watu wa kipato cha chini. Wale waliohudhuria darasa la yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 12 na kuhimizwa kujifanyia nyumbani, walipata nafuu iliyokaribiana sana na ya wale waliotibiwa kwa fiziotherapia. Hayo ni ya mgongo. Yeyote atakayekwambia acha dawa zako za presha au za kisukari kwa sababu umeanza yoga, mkimbie. Na mwenye presha ya juu au presha ya macho asiinamishe kichwa chini kabla hajazungumza na daktari. Mjamzito naye atafute mwalimu anayejua mazoezi ya wajawazito. Maumivu ya kuvutika kwa msuli ni ya kawaida, lakini kichomo kikali ndani ya goti, nyonga au shingo ni amri ya kusimama papo hapo.

Liko swali ambalo najua wengi mnalo, nalo ni la dini. Ni swali la haki. Yoga imezaliwa India, imekua ndani ya imani za huko, na si vizuri kumficha mtu jambo hilo. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga yenye mambo ya ibada ndani yake. Mwezi Januari 2009 maulamaa wa Indonesia walikataza ile inayoambatana na nyiradi za Kihindu, lakini ile ya kunyoosha viungo peke yake hawakuizuia. Mwezi Novemba 2017 serikali ya Saudi Arabia ikaiingiza yoga katika orodha ya michezo inayoruhusiwa. Ndugu zangu Wakristo nao wana mazungumzo yao kanisani, na hawako wote upande mmoja. Mimi naona kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi taratibu hakumtoi mtu katika imani yake, na darasa likiwa na nyimbo au maneno usiyoyakubali una haki ya kukaa kimya au kutafuta darasa jingine. Lakini dhamira ya mtu haiburuzwi. Asiyetulia moyoni amuulize shehe wake au mchungaji wake, na kama bado hajaridhika, atembee kwa mguu nusu saa kila siku. Atapata heri pia.

Mwenye kuweza kufika darasani aende, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu jicho la mwalimu linaona bega ambalo wewe hulioni. Jijini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, limewafunza vijana wengi wa mitaa ya kipato cha chini wakawa walimu wanaojipatia riziki kwa kazi hii, na darasa lake la Jumamosi la bure limewakutanisha watu wa kila aina. Asiye na darasa karibu atafute mwenzake mmoja: jirani, mke, dada, mfanyakazi mwenzake. Ni vigumu kulala wakati unajua kuna mtu anakungoja.

Na hapa nifikie jambo ambalo limenifanya nichague mada ya leo. Nimewauliza kina mama kadhaa kwa nini waliacha, na jibu walilonipa halihusu uvivu. Wanasema wakishatandika tu, mtu anaita. Soksi haionekani. Chai bado. Simu inalia, mama pokea. Mwanamume akisema anakwenda mazoezini nyumba inatulia na inamsubiri. Mwanamke akilala chali sakafuni robo saa kila mtu anadhani hana kazi. Nidhamu ya mtu mmoja haiwezi kushinda nyumba nzima inayomvuta. Yule fundi wetu amefanikiwa kwa sababu ana mlango wa duka anaoweza kuuacha umefungwa. Wengi hawana mlango huo.

Kwa hiyo ombi langu leo nalielekeza kwenu waume, na kwenu vijana mnaosikiliza mkiwa nyumbani kwa wazazi. Mama akikwambieni kuanzia kesho anaanza mazoezi, msimuulize atapungua kilo ngapi. Muulizeni saa ngapi, na mahali gani. Saa hiyo ikifika ondoeni meza, chukueni mtoto mdogo mkamshike, pokeeni simu yake mseme atapiga baadaye, na chai mchemshe wenyewe. Mfanyieni hivyo kila siku, kwa miezi, mpaka hakuna tena anayeuliza mama yuko wapi.